Siku Soko la Kangemi Lilinyamazia Baiskeli

Chuma haina siri. Ukianguka na baiskeli ya chuma, ile nzito ya kubebea maziwa, inapinda, unaona imepinda, unaigonga na nyundo inarudi, unaenda. Mimi ufundi nilijifunzia hizo. Hakuna mtu alinishika mkono. Nilikuwa nafungua, naharibu, natukanwa na mwenye baiskeli, nafungua tena.

Kaboni ni maneno mengine. Kaboni ni nyuzi nyeusi zimelazwa moja juu ya nyingine, zikagandishwa na gundi, nyepesi mpaka fremu nzima unainua na kidole. Na ikiumia inakunyamazia. Haipindi. Inakaa hapo inang'aa kama jana, halafu siku yenye unateremka mbio inakatika mara moja, na wewe ndio wa mwisho kujua. Kwa hivyo wakati rafiki yangu alinipigia simu Jumatano asubuhi akaniambia ameanguka Lavington, nilimuuliza kwanza kama yeye ako sawa, pili baiskeli, na tatu huyo dereva ako wapi.

"Wachana na dereva," akasema. "Alitoka kwa geti rivasi, hakuangalia, ashaenda. Mimi nimechubuka kiwiko na kidevu. Lakini baiskeli imelia."

"Imelia aje?"

"Ka! Kama kijiti."

Nilifunga kazi nikiwa nimeshika gurudumu ya mtu mkononi.

Huyu msichana tulikaa dawati moja shule ya msingi, Kabiria, na mpaka leo anaishi huko na wazazi wake. Mimi ndio mdomo, yeye ndio miguu. Tukiwa darasa la sita kuna kijana alimwita chura juu ya vile alikuwa anaruka akikimbia, nikapigana na huyo kijana nikapigwa vibaya sana, na sijawahi juta. Alipoanza mashindano ya baiskeli sikushangaa. Kitu ilikuwa inanishangaza ni vile watu walichelewa kumwona.

Sasa walikuwa wamemwona. Jumamosi hiyo kulikuwa na mchujo wa timu. Nafasi ya wasichana ilikuwa imebaki moja, na wasichana wanaoitaka walikuwa tisa. Wenzake walikuwa na baiskeli zao. Yeye alikuwa anapanda ya kuazimwa, kaboni ya rangi ya bluu, ya mzee mmoja wa Lavington aliyestaafu, mwenye klabu anayopandia. Mzee ni mtu mzuri, lakini ana sheria moja tu na haibadilishi: baiskeli ikianguka haipandwi mpaka fundi wake aseme iko salama. Bila hiyo baiskeli hakuna mchujo. Na baiskeli ingine haikuwa.

Nilimkuta kwa duka la huyo fundi, huko huko Lavington. Duka lenye sakafu inateleza na mashine ya kahawa kwa kona. Fundi alikuwa amevaa glavu nyeupe. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwa kiti na damu imekaukia kidevuni, na mzee amesimama kando yake.

"Fremu imekufa," fundi akasema. Akaonyesha na kidole juu ya ile paipu ya juu, ile unavusha mguu juu yake ukipanda. Kweli kulikuwa na alama mbaya. Wakati wa kuanguka usukani ulizunguka, breki ikapiga hapo, rangi ikabanduka, na mstari ukakimbia kutoka hapo kama ufa wa ukuta.

"Umeipima?" nikauliza.

"Si unaona?"

"Kuona naona. Nimeuliza umeipima. Umegonga? Umeingiza tochi ndani? Ama umeangalia tu na macho kama mtu ananunua nyanya?"

"We buda," akasema polepole, "ulisomea wapi hii kazi?"

"Nilisomea kwa kuharibu. Na wewe?"

Rafiki yangu akanivuta shati. Mzee akakohoa. Nikajua nimeanza vibaya, na nikiwa nimeanza vibaya mimi huendelea tu. Nikauliza kuhusu usukani, nao pia ni kaboni. Fundi akasema usukani uko sawa, hauna alama hata moja. Nikamwambia mzee, "Mzee, nipatie hii baiskeli mpaka Ijumaa. Kama imekufa nitakuambia mimi mwenyewe imekufa, nitakuletea nimeibeba kwa bega. Lakini usiizike kabla daktari afike."

"Na daktari ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi."

Alinitazama sana. Halafu akamtazama rafiki yangu, na ile damu kwa kidevu. "Ijumaa saa nane," akasema. "Na asiipande hata mita moja."

Tuliisukuma kwa miguu kutoka Lavington mpaka Kangemi, kila mtu ameshika upande wake. Tulipofika daraja akasema, "Usinipendelee."

"Nini?"

"Ukiipima. Usiseme iko poa juu ni mimi. Mimi ndio nitakuwa juu yake."

Nikaitikia na kichwa, tukaendelea kusukuma.

Banda yangu iko ndani ya soko, katikati ya posho mill na jamaa wa kuchomelea mageti. Alhamisi asubuhi niliosha fremu na sabuni na maji vuguvugu, nikaikausha. Nikatoa magurudumu, nikatoa kiti, nikatoa foku, ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Nikapitisha pamba kila mahali, kwa sababu kaboni iliyokatika huwa na vinyuzi vidogo vinavuta pamba. Hakuna pahali ilivuta. Nikachukua msasa laini kabisa nikasugua ile alama mbaya, pole pole, rangi ikatoka, na ule mstari ukatoka na rangi. Chini yake nyeusi safi. Nikapanguza na spiriti. Kama kuna ufa, spiriti inajificha ndani na pahali pote pakikauka ule mstari unabaki na unyevu. Ilikauka yote mara moja.

Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa karibu, ananiangalia uso.

"Bado," nikamwambia. "Kuna kugonga."

Kugonga ndio mtihani wenyewe. Unachukua sarafu unapiga taratibu, unaenda hatua kidogo kidogo. Kaboni nzima inaita ting, sauti kavu. Iliyoachana ndani inasema dup, kama umegonga mkate. Huu ujanja sikuutoa kwa kitabu. Mbele ya banda yangu kuna mama anauza vikombe na sahani, mama wa kutoka Machakos, na kabla auzie mtu kikombe anakigonga na kucha mara moja. Kikiwa na ufa, hata ule jicho haiwezi ona, anakiweka kando. Nilimwangalia miaka miwili kabla nishtuke kwamba anafanya kazi yangu.

Nikagonga ile alama. Ting. Nikagonga kando. Ting. Nikagonga chini, nikagonga juu, kila pahali nasikia ting, na hapo ndio nikaogopa. Manze, nilikuwa nataka hiyo ting sana. Posho mill inanguruma, jamaa wa mageti anasaga chuma, pasta wa kona ameanza mahubiri na spika yake, na mimi nasikia ting safi kama kengele? Maskio yangu ilikuwa imeshachukua upande.

Nikaweka sarafu chini. "Mimi sifai," nikasema.

"Kwani haiko sawa?" akauliza.

"Sijui. Hiyo ndio shida. Nakupenda sana mpaka siwezi kusikia vizuri."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Alicheka, na mimi nikakasirika, nikainuka nikaenda kwa mama wa vikombe.

"Mathe, naomba maskio yako."

"Maskio yangu iko kazini, kijana wangu."

"Dakika tatu. Utageuka, utanipatia mgongo, nitagonga kitu, utaniambia nzima ama mbovu. Kama kikombe."

Akafikiria. "Na hii makelele nitasikia aje?"

Alikuwa sawa. Nikaenda kwa mwenye posho mill nikamwomba azime. Akasema mahindi ya watu iko ndani. Nikamwambia mahindi haitakimbia. Tukaongea kwa sauti kubwa kidogo, akazima. Jamaa wa mageti nilimshika mkono, akazima bila neno, kwa sababu ananijua. Akabaki pasta.

"Pasta, naomba unyamaze dakika tatu."

"Kijana! Unanyamazisha neno?"

"Sio neno, pasta, ni spika. Kuna dadangu pale Jumamosi anateremka mlima na hii baiskeli. Kama ina ufa anaweza kufa. Lazima tusikie."

Pasta akaangalia banda. Akamwona rafiki yangu na bandeji kwa kidevu. Na wacha nikuambie, huyo pasta sikuwa namdhania. Akainua spika yake akanguruma: "Wapendwa! Tunyamaze wote! Kuna baiskeli inapimwa, na ni maisha ya mtu! Wewe wa ndizi, nyamaza! Redio pale, zima!"

Na Kangemi ikanyamaza.

Mimi nimezaliwa hapa sijawahi sikia soko ikinyamaza. Nilisikia magari kule Waiyaki Way, nikasikia kuku. Watu walikuwa wamesimama na mifuko mkononi. Mama mmoja alikuwa amefunga macho anaomba, labda alidhani kuna mgonjwa.

Mama wa vikombe akageuka, akatupatia mgongo, mikono kiunoni. Nikaanza na kumjaribu. Nilikuwa na paipu ya kiti ya kaboni niliyoharibu mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Niliikaza kama ya baiskeli ya maziwa, kwa nguvu zangu zote, mpaka ikapasuka ndani, na kutoka nje huwezi jua. Nikaigonga.

"Hiyo imekufa," akasema bila kufikiria.

Mtu nyuma akasema, "Eeh!"

"Nyamaza!" nikasema. Nikagonga fremu, pale pale kwa ile alama.

"Nzima."

Upande ule mwingine, ambao haukuguswa, ndio alinganishe.

"Nzima. Ni ndugu na ile ya kwanza."

Nikarudi kwa alama mara tatu nikichanganya, nikaenda kwa shingo ya fremu, nikaenda nyuma karibu na gurudumu. Nzima, nzima, nzima. Foku, nzima, miguu yote miwili na hata ile shina yake inayoingia ndani ya fremu. Nikaweka kidole gumba kwa alama nikafinya kwa nguvu, haikubonyea. Rafiki yangu alikuwa amejifunika mdomo na mikono yote miwili. Pasta akasema, taratibu, bila spika, "Asante Mungu," na watu wakaanza kupiga makofi.

Nilikuwa karibu kupiga makofi pia. Kweli, nilikuwa nimeshaokota spana nirudishe vitu. Kisha nikaona usukani. Tepu ilikuwa mpya kabisa, nyeupe, mama yake ndio alimnunulia akaizungusha mwenyewe Jumapili wakitoka kanisani. Haikuwa hata na doa.

"Hiyo lazima itoke," nikasema.

"Zii," akasema rafiki yangu. "Fundi alisema usukani uko sawa. Na hiyo tepu ni ya mathe wangu."

"Fundi alisema pia fremu imekufa."

"Mama atalia."

"Wacha alie juu ya tepu." Niliona maneno imemuingia. Akatoa mkono kwa tepu.

"Watu wangu," nikaambia soko, "bado moja." Walilalamika, mwenye posho mill alisonya kabisa, lakini wakanyamaza. Nikafungua tepu pande zote mbili, nikaanza na kulia, ule aliangukia. Breki ya huo upande ilikuwa imesukumwa ndani kidogo, ule mkanda wake wa chuma umeuma kaboni. Nikausogeza. Hakukuwa na kitu. Ama kulikuwa na unywele umelala pale, mweusi juu ya nyeusi. Nikaupuliza. Haukuenda.

Nikagonga kushoto.

"Nzima," mama akasema.

Nikagonga kulia.

Akainua kichwa. "Rudia."

Nikarudia.

Akageuka, akakuja akaangalia kwa macho yake, akapitisha kucha juu ya ule unywele. Kucha ikakwama. "Hicho kikombe," akasema, "mimi siwezi uzia hata adui yangu."

Rafiki yangu alikaa chini kwa vumbi. Usukani. Ile kitu unashikilia na uzito wako wote ukiteremka. Jamaa na glavu zake angezika fremu nzima kabisa, na hiyo kitu yenye inaweza kumuua mtu angeitoa aifunge kwa baiskeli ingine. "Hauna alama hata moja." Nilitaka kukimbia Lavington hiyo dakika. Mama wa vikombe akanishika kola. "Kijana wangu. Kwanza tafuta usukani mwingine. Matusi haiozi."

Nilishuka tao, katikati ya mji, nikapiga Kirinyaga Road na vichochoro vyake duka kwa duka, mpaka nikapata usukani wa alumini, kipimo ile ile. Nzito kidogo, lakini alumini ni kama chuma, haina unafiki. Nikaufunga jioni hiyo, na ile tepu nyeupe ya mama yake nikairudisha, mzunguko kwa mzunguko, kwa mikono iliyooshwa mara mbili.

Ijumaa saa nane tulikuwa dukani. Niliomba kwa njia yote nisipige kelele, na karibu nifaulu. Mzee alikuwa amefika, fundi pia, glavu mpya.

"Haya, daktari," mzee akasema.

"Fremu ni nzima," nikasema. Nikaonyesha pale niliposugua, nikamwaga spiriti, ikakauka mbele yao. Nikampatia fundi sarafu. "Gonga mwenyewe. Usiniamini mimi."

Sitamnyima haki yake: aligonga. Aligonga kwa makini, akaweka sikio, akarudi upande wa pili, akarudia. Akaleta tochi ndogo yenye shingo ndefu akaangalia ndani. Alichukua muda mrefu sana. "Ilikuwa rangi," akasema mwishowe, akiangalia chini.

"Sema tena, mzee hajasikia."

"Ilikuwa rangi tu."

Rafiki yangu alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa sijamaliza. Nikatoa ule usukani wa zamani kwa mfuko. "Na huu ulisema?"

"Huo uko sawa. Niliuangalia."

"Shika. Shika tu vile mtu anashika akiteremka. Sukuma."

Akashika pande zote mbili, akaweka katikati kwa meza, akasukuma. Hakusukuma hata na nguvu. Ka! Upande wa kulia ukabaki mkononi mwake, nyuzi nyeusi zimetokeza kama mswaki uliochakaa.

Mashine ya kahawa ilikuwa inapiga mluzi kwa kona. Mzee alichukua kile kipande kutoka kwa mkono wa fundi, akakizungusha, akamwangalia rafiki yangu muda mrefu, kidevu, kiwiko, mikono. "Kesho mchujo unaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi, mzee."

"Nitawachukua saa kumi na moja. Wote wawili. Na huyu abebe spana zake."

Nilikuwa nimeandaa matusi, ilikuwa tamu sana, na sikuitumia. Kwa sababu tukitoka, fundi alinifuata mpaka mlangoni. Alikuwa ametoa glavu. "Hiyo ya kugonga," akasema, "unaanzia wapi? Mbali na ufa ama karibu?"

"Mbali," nikasema. "Uanze na pahali unajua ni pazima. Ukuje polepole." Na nikamwonyesha, pale pale kwa mlango, kwa mlango wenyewe.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukata maskio. Njia ilikuwa inapanda kuelekea mashamba ya chai, inageuka juu, halafu inateremka na kona tatu mbaya mpaka chini kwa mwisho. Tulisimama na mzee kwa kona ya mwisho, hapo unawaona wakitoka juu kama sindano. Kwa kupanda alikuwa wa tatu. Wa tatu ni bure, nafasi ilikuwa moja. Mzee alikuwa anatembea huku na huku. Mimi nilikuwa naongea, sijui nikiongea nini, naongea tu.

Wa kwanza akatokea kwa kona ya juu, akafinya breki. Unasikia breki hata ukiwa mbali. Wa pili akafinya. Halafu akatokea yeye, amelala chini kabisa, tepu nyeupe chini ya vidole, na hakufinya. Nilisubiri hiyo sauti na haikukuja. Kona ya pili alimpita wa pili kwa ndani, karibu sana hata mzee akasema neno la Kizungu sijawahi sikia kwa mtu wa kanisa. Mtu anayeogopa kitu anachoshika hawezi kupita hivyo. Alikuwa anajua kila kitu kwa hiyo baiskeli, kila inchi ilikuwa imesemewa nzima kwa sauti mbele ya soko nzima.

Kona ya tatu walitoka wawili bega kwa bega. Alitupita na upepo, na kutoka hapo mpaka mstari ni kukanyaga tu, na kukanyaga hakuna mtu Nairobi hii anaweza mfunza.

Alishinda na urefu wa gurudumu nzima.

Nilikimbia na spana zote kwa mfuko zinalia kama kengele za ng'ombe wa harusi. Nilimkuta ameinama juu ya usukani, mate yanaruka, hawezi hata kunyanyua kichwa. Kocha wa timu alikuwa amekuja na karatasi yake na kalamu. "Jina?" akauliza. Yeye akafungua mdomo, hakuna kitu kilitoka, pumzi tu. Kocha akauliza tena, akaanza kuangalia nyuma, kwa wengine waliokuwa wanafika.

"Andika!" nikasema. Nikampatia majina yake yote matatu, moja baada ya ingine, la ubatizo, la nyanyake, la babake, herufi kwa herufi, na sikutoka hapo mpaka nikaona yameandikwa, na nikamwambia airudie asome kwa sauti.